Kilo Ikiingia Motoni: Kwa Nini Nyama Hupungua Ikipikwa



Katika somo la leo tutazungumza juu ya nyama. Huenda mwingine akasema, "Nyama tunaijua, tumeipika tangu utotoni, tufundishwe nini tena?" Ni kweli. Lakini vikundi vingi vya hapa kwetu Nyeri vimeanzisha miradi ya chakula. Kuna vinavyouza chai na mandazi, kuna vinavyopika kwenye harusi na harambee, na kuna vinavyouza kebabu na supu siku ya soko. Katika vikundi hivi tumeona jambo moja likileta kelele mara kwa mara: nyama inayoingia jikoni si sawa na ile inayotoka. Na kilichopungua kikikosa maelezo, watu hutafuta mtu wa kulaumu.

Tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti katika mkutano, polepole. Mkifika mahali palipo na maswali, msimame mjadiliane kabla ya kuendelea. Mkiwa na mizani, sufuria na kitambaa karibu, itakuwa vizuri zaidi.

KISA CHA KEBABU 16

Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Mathira kiliamua kuuza kebabu siku ya soko. Kamati ilikaa chini ikapiga hesabu. Sisi wa ofisi ya maendeleo tulikuwepo, na ni sisi tulioshika chaki. Ubaoni iliandikwa hivi:

Nyama ya kusaga kilo 4, kila kilo shilingi 600: shilingi 2,400.
Vitunguu, dania, chumvi, mafuta na makaa: shilingi 500.
Jumla ya gharama: shilingi 2,900.
Kila kebabu iwe gramu 60. Gramu 4,000 ukigawa kwa 60, unapata kebabu 66.
Kebabu 66 kwa shilingi 50 kila moja: shilingi 3,300.
Faida: shilingi 400.

Kila mtu alifurahi, makofi yakapigwa. Siku ya soko ikafika, nyama ikanunuliwa, mama mmoja aliyechaguliwa kuwa mpishi akapika, na kebabu zote zikanunuliwa. Hakuna aliyekopeshwa. Jioni mkebe wa pesa ukafunguliwa. Ndani mlikuwa na shilingi 2,500. Badala ya faida ya shilingi 400 kulikuwa na hasara ya shilingi 400. Na ukilinganisha mkebe na daftari, shilingi 800 nzima hazionekani.

Mweka hazina akauliza, "Mama, kebabu zilikuwa ngapi?"

"Hamsini."

"Na daftari linasema sitini na sita. Hizo kumi na sita zilienda wapi?"

"Hazikuwepo."

"Hazikuwepo vipi, na nyama tuliona sote ikipimwa kwa bucha?"

Mpishi alinyamaza. Hapo mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini ikasikika, kwamba siku hizi watoto wa mpishi wanaonekana wamenona. Mama yule alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani, akaenda zake. Mkutano uliofuata hakuja. Wenzake wawili wa mtaa mmoja naye wakaacha kuleta mchango.

Maswali:
1. Mnafikiri zile kebabu 16 zilienda wapi?
2. Je, kikundi chetu kimewahi kumshuku mtu kwa sababu hesabu haikulingana? Tulifanya nini?

TULIVYORUDI NA MIZANI

Tulianza kwa kumtembelea mpishi nyumbani kwake. Alitukaribisha chai, kisha akasema, "Mwalimu, hata shosho yangu, ambaye hakuingia darasani, alijua nyama husinyaa. Nikifinyanga ya gramu 60, mteja atapewa kitu kama kidole cha mtoto. Na tulishawaambia watu kebabu yetu itakuwa na ukubwa ule wa hotelini. Basi nikazifinyanga kubwa kidogo, ili zikiiva ziwe sawa na tulivyoahidi."

Tukamuuliza, "Mbona hukusema siku ile tukipiga hesabu?"

"Ninyi mlikuwa mnaandika ubaoni. Nani angenisikiliza?"

Maneno hayo tuliyabeba njiani hadi ofisini. Kosa halikuwa jikoni. Lilikuwa ubaoni, na chaki tulikuwa tumeishika sisi. Tulipima nyama mbichi, tukauza nyama iliyoiva, tukadhani ni kitu kimoja.

Mkutano uliofuata tuliomba mpishi aje, naye akaja. Mbele ya wote tukapima kilo 1 ya nyama ya kusaga, ikafinyangwa, ikakaangwa hadi ikaiva kabisa, ikachujwa mafuta, ikapimwa tena. Mizani ikasema gramu 740. Kwa kuwa baadhi hawakuamini, tukapima mara ya pili. Ikasema vile vile. Zaidi ya robo ya nyama ilikuwa imeondoka watu wote wakiwa wanaitazama, na hakuna aliyeionja.

NDANI YA NYAMA KUNA NINI?

Sasa tuulize: imeondokaje? Ili kuelewa, lazima kwanza tujue nyama imeundwa na nini.

Jambo la kwanza, nyama nyingi ni maji. Katika gramu 100 za nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi, gramu 70 hadi 75 ni maji. Karibu gramu 20 ni protini, ndiyo ile inayojenga mwili. Zilizobaki ni mafuta na vitu vingine vidogo. Kwa hiyo ukinunua kilo moja ya nyama bila mafuta, umenunua karibu gramu 700 za maji. Bucha hajakudanganya. Ndivyo mnyama alivyoumbwa, na hata sisi wenyewe miili yetu ni maji zaidi ya nusu.

Lakini mbona maji hayo hayamwagiki ukibeba nyama kutoka bucha? Kwa sababu yameshikwa. Nyama imejengwa kwa nyuzi nyembamba sana za protini, zimepangwa pamoja kama kuni katika mzigo. Maji yamekaa katikati ya nyuzi hizo. Na kila mzigo umefungwa kwa utando mweupe, mgumu, unaoitwa kolajeni. Huo ndio unaouona kwenye kano, na ndio umejaa pia katika ngozi na karibu na mifupa.

MOTO UNAFANYA NINI?

Moto unafanya mambo matatu.

La kwanza, protini hubadilika. Tazama yai. Likiwa bichi, ute wake ni kama maji. Likipata moto huwa jeupe na gumu, na hata ukilitia maji baridi halirudi kuwa bichi. Protini ya nyama nayo ni hivyo. Joto likifika nyuzi 40 hadi 50 za Selsiasi huanza kujikunja na kukaza, na ile nafasi iliyokuwa inashika maji inakuwa ndogo.

La pili, utando ule wa kolajeni hujivuta. Umewahi kuona ngozi ya mbuzi ikiwekwa karibu sana na moto? Hujikunja na kuwa fupi. Ndani ya nyama, kolajeni hufanya hivyo hivyo joto likifika kama nyuzi 60 hadi 65. Ikijivuta, inakamua zile nyuzi ilizozifunga, na maji yanatoka.

Jaribuni sasa hivi. Chukueni kitambaa, mkiloweshe maji, mkipime kwa macho. Halafu mama mmoja akishike upande huu na mwingine upande ule, wakikamue. Kitambaa kimekuwa kidogo, na maji yako chini. Hakuna uzi hata mmoja uliopotea. Nyama kwenye moto ni kitambaa kinachokamuliwa, na kadiri joto linavyopanda juu ya nyuzi 65, ndivyo mkono unavyozidi kukamua. Ndiyo sababu nyama iliyokaa motoni kupita kiasi huwa ndogo, kavu na ngumu.

La tatu, mafuta huyeyuka. Mafuta ya ng'ombe ni magumu yakiwa baridi, lakini yakipata joto huwa majimaji na kutiririka. Nyama ya kusaga yenye mafuta mengi hupoteza mengi kwa njia hii. Unaweza kununua nyama ya bei rahisi yenye mafuta mengi ukifikiri umepata faida, kumbe faida yako imebaki chini ya karai.

Nyama ya kusaga ina shida yake zaidi. Mashine imezikata zile nyuzi vipande vipande, kwa hiyo maji na mafuta yana milango mingi ya kutokea. Ndiyo maana kebabu, na vile vipande vya mviringo vya hambaga vinavyouzwa ndani ya mkate katika hoteli za mjini, husinyaa mbele ya macho yako. Kwa vipande kama hivyo, upungufu wa karibu robo ya uzito ni wa kawaida. Vile vya mviringo hata hufura katikati, kwa sababu ukingo huiva na kujivuta kwanza, ukisukuma nyama kuelekea katikati.

NYAMA CHOMA, SUPU NA GITHERI

Hapa kwetu, kwenye nyama choma, mteja huchagua nyama mbichi, inapimwa mbele yake, kisha inapelekwa nyuma kuchomwa. Ikirudi kwenye ubao na chumvi pembeni, wengi huuliza, "Hii kweli ni kilo yangu?" Kilo ilikuwa ya nyama mbichi. Maji yamekuwa mvuke, na mafuta yamedondokea makaa. Ule moshi mtamu unaokuita kutoka barabarani ni sehemu ya kilo yako. Na mfupa ulihesabiwa pia.

Nyama ikichemshwa hupungua vile vile, hata theluthi moja ya uzito na wakati mwingine zaidi. Tofauti ni kwamba kilichotoka kimebaki ndani ya sufuria. Ukinywa supu, umekula nyama yako yote. Tena nyama yenye kano nyingi, kama ya mguu, ikichemshwa polepole kwa saa kadhaa, ile kolajeni ngumu hulainika na kuwa jelatini. Ndiyo maana supu ya miguu ikilala usiku wa baridi ya Julai, asubuhi unaikuta imeganda na inatetemeka. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kupoteza kidogo zaidi, kiuze mchuzi na supu. Lakini kiwe na subira: mji wa Nyeri uko juu sana, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Nyama ngumu na maharagwe huchukua muda mrefu kuliko Mombasa.

Sasa tufikirie githeri na wali. Hizo hutudanganya kwa njia nyingine. Maharagwe makavu huingia kwenye sufuria yakiwa na maji kidogo sana, na hutoka yakiwa yamekunywa. Kilo moja ya maharagwe makavu ikiiva huwa zaidi ya kilo 2. Kilo moja ya mchele hutoa wali wa kilo 2 na nusu au hata 3. Mama aliyezoea kupika githeri amezoea sufuria inayojaa. Akipewa nyama apangie watu 100 kwa hesabu ile ile, ataabika mbele ya wageni.

Maswali:
1. Katika mradi wetu, ni vyakula gani hufura na ni vipi husinyaa?
2. Nani katika kikundi chetu anajua jambo hili kwa kuzoea, lakini hatujawahi kumuuliza?

HESABU ILIYO SAWA

Kwa nyama ya kusaga, kumbukeni kanuni hii rahisi: ukitaka gramu 3 zilizoiva, anza na gramu 4 mbichi. Tukiirudia hesabu ya kikundi chetu, tunapata hivi:

Kebabu iliyoiva iwe gramu 60. Basi mbichi iwe gramu 80.
Gramu 4,000 ukigawa kwa 80, unapata kebabu 50.
Gharama ni shilingi 2,900. Ukigawa kwa 50, kila kebabu imegharimu shilingi 58.
Ukiuza kwa shilingi 50, unapoteza shilingi 8 kwa kila moja. Mara 50, ni shilingi 400.

Mnaona? Hiyo ndiyo hasara kamili iliyokuwa kwenye mkebe. Hata shilingi moja haikuibwa. Na zile kebabu 16 hazikuliwa na mtoto wa mtu. Hazikuwahi kuwepo duniani, ila ubaoni tu.

Kutoka hapo kikundi kina njia tatu. Kinaweza kupandisha bei: kwa shilingi 70, kebabu 50 huleta shilingi 3,500 na faida ya shilingi 600. Kinaweza kubaki na bei ya shilingi 50 na kufinyanga za gramu 60 mbichi, lakini mteja aonyeshwe kwamba ni ndogo, maana zikiiva zitakuwa gramu 45 hivi. Au kinaweza kuchanganya nyama na kitu kingine, kama tutakavyoeleza. Njia isiyofaa ni kuahidi kubwa na kuuza ndogo.

Vikundi vinavyopika kwenye sherehe vifanye vivyo hivyo. Tuseme wageni ni 100 na kila mmoja apate gramu 150 za nyama iliyoiva isiyo na mfupa. Hiyo ni kilo 15 zilizoiva. Kama nyama ya kuchemsha itapungua theluthi, lazima mnunue kilo 22 na nusu. Kukiwa na mifupa, ongezeni zaidi. Mkiandika kilo 15 kwenye bajeti, wageni wa mwisho watakula mchuzi mtupu, na atakayelaumiwa tena ni mpishi.

NAMNA YA KUPUNGUZA UPUNGUFU

Kuzuia kabisa haiwezekani. Kupunguza kunawezekana.

Kwanza, chagueni nyama vizuri. Mafuta yasizidi sana, wala yasikose kabisa, kwa sababu nyama isiyo na mafuta hata kidogo huwa kavu. Sehemu moja ya mafuta kwa nne za nyama inatosha. Ni vizuri muione ikisagwa mbele yenu.

Pili, moto uwe wa wastani. Moto mkali sana hukausha nje kabla ndani hakujaiva. Wengine husema moto mkali mwanzoni "hufunga" maji ndani. Imani hii ni ya zamani, hata mwanasayansi Mjerumani Justus von Liebig aliiandika katika miaka ya 1840. Lakini waliopima kwa mizani baadaye waliona maji yanatoka tu. Moto mkali wa mwanzo huleta rangi nzuri na harufu tamu. Hauwi kifuniko.

Tatu, msikandamize nyama kwa mwiko ikiwa kwenye karai. Ile sauti ya "chwaa" mnayoisikia ni maji na mafuta yakiondoka. Mnasaidia moto kukamua.

Nne, chumvi kidogo ikikandwa pamoja na nyama husaidia protini kushikana na kushika maji, na kebabu haivunjiki. Lakini msikande sana, zitakuwa ngumu kama mpira.

Tano, makombo ya mkate au viazi vilivyopondwa hunywa maji na mafuta yanayotoka, badala ya kuyaacha yaende. Kebabu hubaki kubwa na laini. Hili si kosa, mama zetu wamefanya hivyo miaka mingi. Kosa ni kumwambia mteja ni nyama tupu. Tuseme wazi: "Hii ni ya nyama na viazi." Bei nayo ionyeshe hivyo.

Sita, vipande viwe sawa kwa unene. Kama ni vya mviringo, bonyezeni katikati kidogo kwa kidole gumba, visifure.

ONYO: MSIOKOE UZITO KWA KUACHA NYAMA MBICHI

Sasa mwerevu mmoja atasema, "Kama moto ndio unaopunguza, basi tutoe mapema." Hapana! Hapa tunaomba kila mtu asikie.

Kipande kizima cha nyama huwa na vijidudu zaidi upande wa nje, ambako moto unafika haraka. Nyama ikisagwa, kile kilichokuwa nje kinachanganywa hadi katikati. Kwa hiyo nyama ya kusaga lazima iive mpaka ndani, joto la katikati lifike nyuzi 71. Mwaka 1993 huko Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua baada ya kula hambaga ambazo hazikuiva vizuri, zilizokuwa na aina mbaya ya bakteria wa E. coli. Watoto 4 walikufa. Pia minyoo ya tegu huingia mwilini kwa nyama ya ng'ombe isiyoiva.

Kipimajoto cha jikoni ni kitu kidogo, na kikundi kinaweza kununua kimoja. Kama hamna, fanyeni kebabu nyembamba, mkate moja katikati mhakikishe imefuka mvuke na hakuna maji mekundu, na mkiwa na shaka, mwongeze muda. Rangi peke yake hudanganya, kwa sababu nyama nyingine hugeuka kahawia kabla ya kuiva. Nyama ya kusaga isilale bila friji, inunuliwe na kupikwa siku hiyo hiyo. Na inunuliwe kwa bucha tu, yenye mhuri wa mkaguzi. Ng'ombe aliyekufa mwenyewe asichinjwe wala kuguswa, hata kama hasara inauma, kwa maana kimeta huua watu.

Ni afadhali kebabu ipungue robo kuliko mteja alazwe hospitali.

JE, WIZI HAUPO?

Tusijidanganye, wizi upo. Kuna mizani zilizochezewa, na kuna nyama iliyotiwa maji ili iwe nzito, ambayo ikifika motoni hupungua kupita kawaida. Ndiyo maana mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na kupigwa mhuri na maofisa wa vipimo. Na hata ndani ya kikundi mtu anaweza kuanguka.

Lakini utajuaje kama hujui kiasi cha kawaida? Kama siku zote kilo 1 inatoa gramu 740 au 750, halafu siku moja ikatoa 600, hapo mna haki ya kuuliza. Pengine nyama ilikuwa na maji, pengine moto ulizidi, pengine kuna mkono. Aliyepima huuliza swali. Asiyepima hubaki na minong'ono. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: hata daftari bila mizani linaweza kumsingizia mtu.

Kikundi kile cha Mathira kilimwomba mama mpishi msamaha, naye akakubali kurudi jikoni kwa sharti moja: kamati isiandike bajeti ya chakula tena bila yeye kukaa mezani. Sisi pia tulimwomba msamaha. Wale wenzake wawili walioacha mchango hawajarudi mpaka leo. Kumbe neno likitoka halipimwi tena.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kifanye yafuatayo:

1. Mpime nyama mbichi, muandike. Mpike. Mpime iliyoiva, muandike. Mfanye hivyo siku 3 tofauti, na kila mara watu 2 wasome mizani.
2. Mkate hesabu: ni gramu ngapi zilipungua kwa kila kilo?
3. Mfanye hivyo pia kwa maharagwe au mchele, mlinganishe.
4. Mtumie kipimo chenu wenyewe kupanga bei. Kipimo chetu cha robo ni cha kuanzia tu, kwa sababu nyama yenu, karai lenu na moto wenu ni tofauti.

Maswali ya mwisho ya kujadiliana:
1. Katika kisa hiki, kila mmoja angefanya nini tofauti: mpishi, mweka hazina, yule aliyenong'ona, na sisi wa ofisi?
2. Tunapopanga mradi, je, anayefanya kazi kwa mikono yake huwa mezani, au huletewa karatasi tu?
3. Kuna mtu yeyote tunayepaswa kumwendea na kusema, "Tulikosea"?

Mkipata majibu ya mizani yenu, mtuletee tukija kuwatembelea. Tutakuja na chaki, lakini safari hii tutampa mpishi aishike.